Kushuka Epernay Kupiga Simu Nyumbani

Sikwenda Ufaransa kutalii. Nilikwenda kwa sababu mapacha wa Madamu walikuwa hawalali mpaka niwabembeleze mimi, na Madamu alikuwa akienda likizo kwa wakwe zake wakati wa kuvuna zabibu. Nilikuwa yaya wake kule Lavington, Nairobi. Kila asubuhi nilitembea kutoka nilikokaa, Kawangware, mtaa wa 46, kwenda kwake, na jioni nikarudi kwa mtoto wangu Nafula, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Baba yake Nafula simtaji hapa. Mwenyewe hakupenda kutajwa. Nawaandikia ninyi akina mama wa chama chetu, mnaoniuliza kila Jumapili kama ni kweli nililala kwenye nchi ya shampeni na ina ladha gani. Ladha yake nitawaambia. Lakini safari yote ile roho yangu ilikuwa juu juu, na sababu yake nayo nitawaambia.

Wiki ya kuondoka, Nafula alishikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha kifua, kikavu, kinachomtikisa mpaka machozi yanamtoka. Zahanati walinipa dawa ya chupa na kuniambia kitapoa. Nilimbeba mpaka Kibera, kwa dada yangu mkubwa Selina, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, mle mle Kibera.

"Nenda, Rosa," akaniambia, huku akipepeta omena zake. "Kwani mimi sijalea? Hawa watano walijilea wenyewe?"

"Anakohoa sana usiku, dada."

"Na mimi hulala macho wazi. Nenda."

Tukapatana hivi: Jumamosi ya pili, saa sita mchana ya Nairobi, nitapiga simu kwenye duka la Mama Njoki pale Riruta Satellite. Lilikuwa duka pekee tulilolijua ambalo mwenyewe hakuifungia simu yake kwa kufuli. Dada angetembea kutoka Kibera, apitie Dagoretti Corner, anisubiri hapo. Niliondoka bila kumuaga Nafula kwa sababu alikuwa amelala, na kwenye ndege sikufanya lingine ila kujilaumu kwa hilo.

Tulifika kijijini jioni, baada ya kushuka garimoshi na kubebwa na gari la mume wa Madamu. Ni kijiji cha mawe kilichokaa mgongoni mwa kilima, na pande zote ni mizabibu, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke. Mizabibu yenyewe ni mifupi, inanifika kifuani. Udongo wake ni mweupe kama chokaa, na mvua ikinyesha hunata kwenye viatu kama unga uliokandwa. Watu huvuna kwa mikasi midogo, kishada kimoja kimoja, wamepinda migongo kutwa nzima. Nilipowaona nilijisemea kwamba kumbe shamba ni shamba popote duniani.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Odile, mama mkwe wa Madamu, mjane mkali mwenye kifua kikubwa na moyo mkubwa vilevile. Nyumba yake haikuwa na simu. Alisema simu huleta habari mbaya tu, na habari nzuri huja na miguu yake. Simu ya kufika Afrika ilikuwa posta, mjini Epernay, chini ya kilima na ng'ambo ya mto. Gari lilikuwa linabeba zabibu toka alfajiri mpaka usiku. Basi akanitolea baiskeli yake ya ujanani.

Mimi baiskeli niliijua kwa kuisukuma. Kule kwetu Bungoma nilisukuma gunia la mahindi juu ya baiskeli mpaka kwenye kinu cha posho, lakini kuipanda ilikuwa kazi ya wavulana. Kwa wiki nzima, mapacha wakilala mchana, Mama Odile alinishikia tandiko uani akinifokea kwa Kifaransa. Nilianguka mpaka kuku wakanizoea.

Jumamosi ya pili, kabla jua halijapanda, nilianza safari. Kule kwao saa ziko nyuma ya zetu, kwa hiyo saa sita ya Satellite bado kwao ni asubuhi, na niliogopa kuchelewa kuliko nilivyoogopa kuanguka. Panapoteremka nilipanda, miguu nimeitanua, breki nimezikamata mpaka vidole vikafa ganzi. Panapopanda nilishuka nikasukuma, na hapo nilikuwa fundi. Wavunaji walinyoosha migongo wakanipigia kelele za salamu. Niliwapungia mkono mmoja, na nusura niingie kwenye mizabibu na baiskeli yangu.

Chini ya kilima kuna mfereji, na kando yake njia iliyonyooka chini ya miti mirefu. Mashua ndefu ya mizigo ilipita polepole, mwanamke akianika nguo juu yake. Ni mahali pazuri, nakiri. Lakini mimi niliona kila kitu kwa pembeni tu, kwa sababu akilini nilikuwa nasikia kile kikohozi. Nikavuka mto Marne, nikaingia mjini. Kuna barabara ya majumba ya matajiri wa shampeni, yenye mageti ya chuma. Waliniambia chini ya barabara hiyo kumechimbwa mapango yaliyojaa chupa, kwamba watu wanatembea juu ya utajiri wao wenyewe. Sikusimama kutazama.

Posta karani aliniingiza kwenye kibanda cha mbao. Simu ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha nikasikia sauti ya dada.

"Rosa! Wazungu wako aje?"

"Wazima. Nafula yuko aje?"

"Ako sawa."

"Kikohozi?"

"Kinapungua tu. Usijali, wewe fanya kazi."

"Nipe nisikie sauti yake."

"Nimemwacha na watoto. Amelala."

"Mchana huu?"

"Ai, Rosa! Mtoto akilala ni makosa? Wewe kula vizuri, umalize kazi, urudi salama."

"Dada, Jumatatu saa hii hii umlete. Umenisikia? Umlete!"

"Haya, haya, nitamleta." Laini ikakatika.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitoka mle kibandani na hofu zaidi ya niliyoingia nayo. Ninyi mnajua kwa nini. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo. Jirani yetu mmoja pale 46, mtu wa Kitui, alitumiwa habari kwamba ng'ombe wake amezaa, aje aone ndama. Akaenda na chumvi ya ng'ombe begani, akafika akakuta boma limejaa watu wanalia. Hakuna aliyemwona mwongo yule aliyemtumia habari. Walisema amefanya utu. Sasa dada yangu ananiambia mtoto amelala, nile vizuri, nirudi salama. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa mtu aliyekuwa amefiwa bila kujua.

Kurudi kulikuwa kwa kusukuma, na mvua ikanikuta katikati ya kilima. Mzee mmoja, jirani wa Mama Odile aitwaye Gaston, aliniona akaniita kwenye ghala lake la chini ya ardhi. Tuliteremka ngazi nyingi, baridi ikaniuma masikioni. Chupa zilikuwa zimechomekwa kwenye mbao zenye matundu, vichwa chini, na yeye akapita akizigusa moja moja, kila moja akiizungusha kidogo tu. Mara chupa moja ikapasuka ndani gizani, pwaa! Niliruka nikashika mkono wa mzee wa watu. Kwake hilo ni jambo la kawaida, akacheka. Mimi niliipokea kama habari mbaya.

"Una nini?" akaniuliza. Kifaransa changu kilikuwa cha jikoni, lakini hicho nilikielewa.

"Mtoto wangu."

"Mgonjwa?"

"Sijui."

Hakuuliza tena. Akanipa kipande cha mkate na kunimiminia bilauri. Haya, ladha yenyewe ni hii: ni chachu, ni baridi, inapanda puani kama soda. Nilimeza kama dawa na haikunisaidia chochote. Mchungaji asipowauliza, msimwambie.

Jumapili nilishinda nikiwaogesha mapacha na kulia. Nilikuwa nimemshika mtoto wa mwenzangu, mnene, mwenye afya, anarusha maji, na kwa muda nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia mtoto asiye na kosa, kisha nikamfuta maji nikambusu. Mama Odile aliniona, akamwita Madamu atufasirie.

"Si dada yako amesema mtoto ni mzima?" Madamu akaniuliza. "Kwa nini humwamini?"

"Kwa sababu ananipenda," nikamjibu.

Madamu alipomfasiria, Mama Odile akaenda kuijaza baiskeli upepo.

Jumatatu upepo huo haukunifikisha mbali. Kabla sijafika kwenye mfereji, gurudumu la nyuma lilikanyaga kipande cha chuma likaisha upepo. Niliilaza baiskeli kando ya mizabibu ya watu, nikavua viatu vilivyojaa udongo mweupe, nikaenda mbio. Mkulima mmoja alinipigia kelele akidhani nimeiba zabibu. Nilikimbia kwenye ile njia iliyonyooka, nikihesabu miti na kusahau hesabu, nikimwambia Mungu mambo ambayo mtu hapaswi kumwahidi Mungu. Wapita njia darajani walinipisha. Niliingia posta pekupeku, matope mpaka magotini, na karani, Mungu ambariki, hakuuliza. Alinyoosha kidole kwenye kibanda.

"Dada! Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Nafula, ongea na mama."

Kimya.

Nikasikia Mama Njoki mwenye duka akisema kwa mbali, "Sema mama! Sema halo, nikupe peremende!" Kimya tena. Watoto ni wangapi Kibera, nikawaza, na yeyote kati yao anaweza kushikishwa simu akakaa kimya. Nikaita, "Nafula. Nafula wangu." Nilisikia kupumua, basi. Kisha akakohoa.

Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, na mwishoni akavuta pumzi kwa sauti kama afanyavyo yeye peke yake. Kikohozi kile kile kilichoninyima usingizi Kawangware! Nilicheka kwa sauti mpaka watu kwenye foleni wakageuka. Nadhani mimi ndiye mama pekee aliyewahi kushukuru kwa kikohozi cha mwanawe.

"Umesikia?" dada akasema. "Na hicho ndicho kimepungua. Kwani ulidhani nini?"

"Ulijua nilichodhani."

"Nilijua," akasema polepole.

"Basi niapie, dada. Kuanzia leo usinifiche kitu. Jambo baya likitokea, niambie kabla hata ya salamu."

"Kabla ya salamu? Wewe nawe!"

"Kabla ya salamu. Niapie."

"Haya, nimeapa. Lakini usije ukanilaumu."

Siku zilizobaki niliiona nchi ile kwa mara ya kwanza. Niliona jinsi majani ya mizabibu yanavyogeuka manjano, nikavuna pamoja na wengine siku ya mwisho, na jioni tukala mezani pamoja na wavunaji wote, wakiimba. Baiskeli niliipata, imetengenezwa vizuri na yule mkulima aliyenipigia kelele. Mama Odile alinifungia jamu ya zabibu na kulia waziwazi tulipoagana.

Tulitua Embakasi asubuhi. Dada alikuwa amesimama penye kizuizi, Nafula mgongoni, mashavu yamejaa, hakohoi. Niliachia mizigo nikanyoosha mikono. Dada akanitazama usoni, na kabla ya salamu akasema:

"Rosa, baba yetu ametuacha. Jana alfajiri. Mtu wa basi la Bungoma ndiye ameleta habari."

Sijui niliangukaje. Najua nilikuwa sakafuni, na wachukuzi wakipitisha mizigo kando ya kichwa changu, na mapacha wakilia kwa kuniona ninalia, na Nafula akinitazama kama mtu asiyemjua. Hapakuwa na kiti. Hapakuwa na mtu wa kwetu wa kunishika ila dada, naye alikuwa na mtoto mgongoni na msiba ule ule kifuani. "Si uliniapisha?" alikuwa akirudia. "Si uliniapisha?" Nilimkasirikia siku ile kwa kunitii.

Nilichojifunza ni hicho, akina mama. Kwetu hatufichi kifo ili kumdanganya mtu. Tunataka kwanza afike, apewe maji, akae, na watu wamzunguke ndipo asikie. Nilidhani nataka ukweli, na kumbe ukweli nao unataka watu wa kuupokea pamoja nawe.

Mchana huo tulikuwa dukani kwa Mama Njoki. Kitinda mimba wetu, Wafula, alikuwa akifanya kazi kwenye reli kule Voi, peke yake, na baba asingezikwa bila yeye. Dada alishika simu, akaiweka chini bila kupiga. Nikamwambia anipe mimi.

"Dada Rosa! Umerudi?" Wafula alifurahi kunisikia. "Ulaya ilikuwa aje?"

"Nzuri. Wafula, panda treni ya leo, uje."

"Kwani kuna nini?"

"Baba ana homa kidogo. Anakuuliza."

Nyuma yake nilisikia chuma kikigongwa.

"Dada, hunifichi kitu?"

"Nikufiche nini?" nikasema. "Kula kwanza, halafu uje. Tunakungoja stesheni, sote."