Kichuguu cha Mahameni

Mume wangu aliacha vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa kichuguu.

Hakikuwa karibu na nyumba. Serikali ilipotuhamishia kijijini, kando ya barabara ya kwenda Kanazi, tulibeba milango, mitungi, mbegu na jiwe la kusagia. Migomba tuliiacha. Kichuguu nacho tulikiacha, maana hakibebeki. Kilibaki mahameni, ng'ambo ya bonde, na kila mvua zilipoanza mume wangu alirudi kule kukifunika na kutuletea kumbikumbi.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Mwenyewe ndiye anayekifunika. Mke na watoto wanaweza kumfunikia akiwa safarini au mgonjwa, kwa kuwa wao ni mikono yake. Lakini ndugu yake akikifunika, maana yake ni moja tu: mwenyewe amekufa na huyu amerithi. Hakuna anayetangaza. Watu wanaopita wanaona majani mabichi ya mgomba juu ya kichuguu, wanauliza nani amefunika, wakijibiwa wanajua.

Mume wangu aliondoka na mgambo vita vilipoanza. Aliniachia maagizo juu ya mbuzi na juu ya paa lililovuja upande wa jikoni. Juu ya kichuguu hakusema neno. Nadhani hakufikiri kwamba mvua nyingine zingemkuta huko.

Masika yalipofika nilikwenda na watoto watatu: binti yangu mkubwa, mdogo wake wa kiume, na wa mwisho mgongoni. Tulifunika, tukapata. Nyumbani nilitoa fungu la baba yao, nikalikausha na kuliweka kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, nikakitundika juu ya meko. Fungu la mwenyewe haliliwi na mtu mwingine. Watoto walilijua hilo, hata yule mdogo. Alikuwa akikionyesha kikapu kwa kidole na kusema, "Ya baba."

Kisha vita viliisha. Wanaume walianza kurudi, kijijini kukawa na ngoma. Wangu hakurudi. Nilikwenda bomani Ngara nikaambiwa nisubiri. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alisafiri mpaka Biharamulo kwa sababu alisikia kwamba huko yupo mtu aliyekuwa naye. Alimpata sokoni. Mtu yule alisema mara ya mwisho alimwona akipanda lori, na baada ya hapo yeye mwenyewe alipelekwa upande mwingine. Hakuwa na zaidi. Shemeji alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, bado ana vumbi la safari, nami nikamwambia asante, nikaendelea kupepeta maharage.

Sikulia. Majirani walisema nina moyo mgumu. Ugumu sikuwa nao. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, ila ukiugusa husikii.

Shule ilipofungwa watoto walikaa nyumbani, nikawa natengeneza nao vitu, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Tulisokota majani makavu ya mgomba tukafunga mpira. Tulichonga gari la mabua ya mtama, magurudumu ya malapa yaliyokatika. Binti yangu alisuka mwanasesere kwa nyuzi za mgomba, akamvalisha kitambaa, akamfunga mtoto mgongoni. Mdogo wake akamcheka, akasema mwanasesere huyo ana kichwa kama cha mwenyekiti wa kijiji. Walicheka sana. Niliwatazama wakicheka, nikajua kwamba ni jambo la kuchekesha.

Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya, shemeji alikuja jioni moja, akakaa kwenye kigoda nje. Alizungumza kwanza juu ya mbegu, kisha juu ya mbuzi wake aliyevunjika mguu. Mwishoni akasema, akitazama chini, "Shemeji, mvua zimekaribia. Mwaka huu nikifunike mimi?"

Aliuliza kwa upole. Hakuwa mtu wa tamaa. Nilijua anachouliza, naye alijua kwamba ninajua.

"Watoto watafunika," nikasema.

"Haya," akasema, na hakurudia.

Baada ya mvua ya kwanza kubwa tulikwenda. Niliwafundisha watoto kama nilivyomwona baba yao akifanya. Unakata fito, unazipinda na kuzichomeka juu ya kichuguu mpaka zifanane na kibanda cha kuku. Unazifunga kwa kamba za mgomba. Unafunika kwa majani kila mahali, mwanga usipite, ila upande mmoja unaacha tundu. Chini ya tundu unachimba shimo na kulitandika jani bichi, kwa sababu linateleza. Kumbikumbi wakitoka wanafuata mwanga, wanaanguka shimoni, kupanda hawawezi. Halafu unapiga fimbo mbili chini, polepole, ili walio ndani wadhani ni mvua.

Watoto walipiga. Jua lilisogea. Hakutoka hata mmoja.

Shemeji alikuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya uzio wetu wa zamani, ile minyaa iliyobaki imesimama bila nyumba. Alisimama hapo hapo, hakuvuka.

"Hiyo ni mvua gani?" aliwauliza watoto. "Hiyo ni mvua ya Dodoma, inapita tu."

"Baba mdogo, njoo upige wewe basi," mvulana wangu akamwambia.

"Mimi nipo na mbuzi."

"Mbuzi wana miguu yao."

"Na wewe una mikono yako. Piga taratibu. Mvua haikimbizwi na mbwa. Sasa dada yako apige kwa kupishana na wewe. Hivyo. Usisimame, ukisimama wanajua wamedanganywa."

Aliwaelekeza kwa sauti kutoka kule kwenye minyaa, mguu wake haukuingia uwanjani. Alimwambia binti yangu aloweshe majani kwa maji ya kibuyu, harufu ya unyevu ishuke chini. Binti akamwagia hata maji yaliyobaki, akapiga tena, na baada ya muda tukasikia ule mchakacho wao mdogo ndani ya majani. Wakaanza kuanguka shimoni. Watoto waliwala wengine wabichi, mabawa yakiwa yamewaganda midomoni. Shemeji aliwatazama, kisha akaswaga mbuzi wake akaenda zake.

Nyumbani niliwakaanga kwenye chungu bila mafuta, maana wana mafuta yao. Wakikauka unawapepeta kwa ungo, mabawa yanaruka, unanyunyiza chumvi. Ni chakula ambacho watoto hawakiachi. Nilitoa fungu la baba yao kama desturi, nikamwambia binti yangu ashushe kikapu kutoka juu ya meko aliweke humo.

Alikifungua, akanusa.

"Mama, hawa wa zamani wameoza."

Nilitazama. Mafuta yalikuwa yamechacha, wadudu wadogo wakitembea humo. Nilijaribu kukumbuka tuliambiwa tufanye nini fungu la mwenyewe likiharibika. Sikukumbuka, kwa sababu hatukuwahi kuambiwa. Wazee waliotuwekea desturi hii walimjua msafiri wa miezi, na walimjua marehemu. Msafiri wa namna hii hawakumfikiria.

"Tuwamwage?" akauliza.

"Wape kuku."

Alinitazama, kisha akatoka nao. Aliporudi na kikapu kitupu alikishikilia mbele yangu, akisubiri nitie fungu jipya. Nililichukua lile fungu nikaligawa kwenye sahani zao tatu. Mvulana alisita.

"Hawa si wa baba?"

"Kuleni," nikasema.

Walikula. Na mimi nilikula.

Asubuhi nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa akimfunga banzi yule mbuzi wa mguu. Nilimwambia, "Masika yakija, funika wewe." Aliacha mbuzi, akaketi chini, akaweka mikono kichwani na kulia. Nilisimama karibu naye mpaka akamaliza.

"Kichuguu tu, shemeji," nikaongeza. "Mimi simo."

Alijifuta uso. "Ningekuwezea wapi," akasema, na kidogo alitaka kucheka.

Masika yalikuja, akafunika. Watoto walikwenda kumpigia fimbo, mimi nikabaki nyumbani na kuwasha moto. Walirudi na kapu limejaa, nikakaanga. Jua lilipoinama niliona wanawake wawili wa kijiji wakija kwa njia, kisha wengine nyuma yao, hawazungumzi. Hawakuitwa na mtu. Waliingia, wakakaa kwenye mkeka. Mmoja wao alinishika mkono, nami nikausikia.

Nilikuwa nimekaanga wa kutosha wote.