Pikipiki ya Njano na Safari ya Mama Mkwe

Nilipohamishiwa kwenye ghala la nyavu Musoma, nyumba na shamba letu la pamba vilibaki Bunda, na mke wangu akabaki navyo. Nilikuwa nakwenda Jumatatu juu ya mizigo ya malori na kurudi Ijumaa kwa lori lolote lililopata mafuta. Siku hizo mafuta yenyewe yalikuwa habari. Ukisikia yamefika, unaacha chai mezani.

Kisha wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta vitu kutoka nje kwa fedha zao wenyewe. Sabuni ikarudi madukani, vitenge vikarudi, na siku moja nikaona pikipiki mbili zimeegeshwa kwenye baraza la duka moja pale Musoma. Niliporudi nyumbani nikauza ng'ombe. Nilitaka kulala kwangu kila siku kama watu wengine.

Mke wangu alifurahi, ila alikuwa na agizo. Mama yake aliishi Butiama na alikuwa anaumwa macho. Daktari wa Musoma alitaka kumwona kila Alhamisi, na alisema wazi kwamba akikosakosa, macho yatapotea.

"Chukua yenye keria ndefu ya chuma," mke wangu alisema. "Utakuwa unampitia mama. Yeye anakaa kule nyuma, katikati tunafunga kikapu."

Kikapu kilikuwa na kazi yake. Kwetu mwanamume hagusani na mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anachepuka. Mke wangu alikuwa ameshawauliza shangazi zake, nao wakakubali kwamba kikapu kikiwa katikati hakuna aliyemgusa mwenzake.

Kule dukani, pikipiki ya kwanza ilikuwa ya kijivu, na keria yake ingebeba gunia la mihogo. Ya pili ilikuwa ya njano, imeinuka kama mbuzi dume, matairi yana meno, kiti kifupi.

"Hiyo ya kijivu inamfaa katekista," mwenye duka aliniambia. "Inafika, lakini haifurahi."

"Na hii?"

"Hii usiniulize mimi. Panda."

Nikapanda, nikaenda hadi ziwani na kurudi. Mpaka leo sijui nilipita barabara gani.

"Haina keria," nikasema, bado nimeikalia.

"Keria inachomelewa, bwana. Fundi yeyote."

Nilikuwa nimesoma sekondari, na macho yangu yalikuwa mazima. Niliona kabisa kwamba nyuma kule ilikuwa plastiki tupu. Nikalipa.

Nyumbani mke wangu aliizunguka mara moja tu.

"Mama anakaa wapi?"

"Fundi atachomelea keria."

"Kwenye plastiki?"

Nikainama kufuta vumbi kwenye taa.

"Baba watoto, hii umemnunulia nani?"

Nilikuwa nimejinunulia mimi, na siwezi kusema haikunipa raha. Nilitoka Bunda kukiwa bado na ubaridi, nikasimama wima kwenye mashimo ambayo malori yalikuwa yanayavuka kama wagonjwa. Kwenye mawe ya Kiabakari nilikuwa naimba kwaya peke yangu, sauti zote nne. Ng'ombe walinipisha. Nilifika kazini nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikiwa na hamu ya jioni ifike nirudi tena.

Isipokuwa Alhamisi. Alhamisi nilimkuta mama mkwe kwenye njia panda ya Butiama, amekaa juu ya kifurushi chake akingoja lori. Akisikia pikipiki, aligeuza uso kwa heshima. Nami nilipunguza mwendo kwa heshima, kisha nikapita. Siku nyingine alipata lori, siku nyingine hakupata, akarudi nyumbani.

"Basi nifundishe mimi," mke wangu akasema. "Nitampeleka mwenyewe."

Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Niliogopa Bunda itasema mke anaendesha na mume anasonga ugali. Nikamwambia tumalize kwanza kuchuma pamba. Pamba ilichumwa, ikapimwa, ikaondoka na malori. Nikamwambia tungoje vumbi lipungue.

"Vumbi la Bunda lilipungukaga lini?" akauliza, akaenda kuvaa suruali yangu chini ya kitenge.

Nilimfundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule. Alianguka mara kadhaa, na kila mara aliinuka akikilaumu kiti. Alipoiweza, Alhamisi iliyofuata tulikwenda wote hadi Butiama, mimi nikiwa abiria. Tulipofika kwao nilishuka, nikasogea kando, nikawa naangalia mbuzi.

Mama mkwe alitoka na kifurushi chake. Kwa kuwa hakuweza kunisemesha, alisema na binti yake kwa sauti ya kutosha watu wote.

"Mwambie mkwe wangu asogee mbali zaidi. Nataka kurusha mguu."

"Amesikia, mama."

"Mwambie na kiti chake ni kifupi."

"Hilo alikuwaga analijua tangu dukani."

Wakaondoka wamekumbatiana kama gunia moja, mama akishangilia kila tuta. Mimi nilitembea hadi njia panda, nikangoja lori kama yeye alivyokuwa akingoja. Ghalani nilifika saa sita mchana.

Jioni mke wangu alinipitia pale ghalani. Mama alikuwa amelazwa hospitali kwa siku chache. Daktari alisema jicho la kulia litapona akizingatia dawa. La kushoto limekwisha. Daktari alikuwa ameuliza kwa nini mgonjwa alikosa Alhamisi nyingi namna ile, na mke wangu alimjibu kwamba usafiri ulikuwa wa shida. Aliniambia hivyo huku akivaa kofia, kisha akasogea mbele ya kiti, akashika usukani.

Nilitaka kumwomba radhi mama mkwe. Lakini desturi iliyonizuia kumbeba ilinizuia pia kwenda kukaa mbele yake na kusema neno kama hilo. Nikamtuma mke wangu. Nilimwambia aseme kila kitu: keria, plastiki, na kwamba niliona mapema na nikalipa.

Aliporudi nikamuuliza mama amejibu nini.

"Amesema amesikia. Na amesema kila Jumatano ujaze mafuta."