Dada Aliyetupa Wafalme Wawili

Dada yangu anaishi kwa kucheza poka, ile karata ya pesa, na anaicheza vizuri. Nalisema waziwazi kwa sababu kwetu lilikuwa jambo la kunong'onwa, kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Mimi ni mdogo wake, na nimechoka kunong'ona.

Alianzia seluni. Miaka yote aliyosuka watu, alikuwa akizisoma nyuso zao kwenye kioo. "Mteja anayelalamika sana bado hajaamua," aliniambia siku moja, kitana kikiwa mdomoni. "Anayenyamaza ghafla, huyo ameshaamua." Poka alifundishwa na mume wa mwenye seluni, na baada ya muda akawa anamfunga hovyo hadi mzee wa watu akaanza kusingizia mgongo. Basi akafungasha vitana vyake, akaingia kwenye mashindano. Sasa analala mapema, hagusi kilevi, na kila asubuhi hukaa mezani na chai yake akichambua makosa ya jana. Nani kati yetu anachambua makosa yake ya jana?

Baba hakutaka kusikia. Yeye ni fundi wa mageti, na kwake kazi isiyochafua mikono ina walakini. Tena alikuwa na kidonda chake: baba yetu mdogo alicheza karata mpaka nyumba ikaondoka. Siku moja akamwambia dada aache, la sivyo asikanyage tena kwake.

"Njoo unitazame mara moja tu, baba," dada akajibu. "Ukiona nafanya kama baba mdogo, naacha. Jumatatu narudi seluni."

Nilikasirika. Namjua dada, akisema amesema.

Baba alikuja ukumbini amevaa suti yake ya harusi za watu, akakaa nami nyuma ya kamba. Mtangazaji akasema mchezaji mmoja ameweka chipsi zote mezani. Baba akaninong'oneza, "Mbona sisikii harufu ya mafuta?" Nikamweleza kwamba chipsi za huku ni vile vibao vya plastiki wanavyochezea.

Mchana ukasonga. Dada akipewa karata anazitazama, anazitupa. Akipewa nyingine, anazitupa.

"Mbona hachezi?" baba akauliza.

"Ndiyo anacheza hivyo, baba."

"Huku kucheza au kususa?"

Mkabala na dada alikaa muuza vipuri vya magari, bwana mmoja aliyekuwa akiongea tangu mwanzo kama redio ya kinyozi. Akachungulia karata zake mbili, akazimika ghafla. Kisha akasukuma vibao vyake vyote katikati. Dada akamtazama kwa utulivu, akageuza karata zake kila mtu azione. Wafalme wawili! Ukumbi ukaguna. Akazisukuma pembeni, amejitoa. Yule bwana akarudisha zake kifudifudi.

"Mwoga huyo!" mtu akacheka nyuma yetu. Dada akanywa maji, akangoja karata nyingine.

Wakati wa mapumziko alitufuata kwenye kamba.

"Wale wafalme," baba akaanza, "ni karata nzuri?"

"Nzuri sana, baba."

"Na yule bwana alikuwa na nini?"

"Sijui. Wala sitajua."

"Na unaweza kulala?"

"Fofofo."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa tai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mdogo wangu nilimfuata mwenyewe," akasema. "Nikamshika mkono pale mezani, nikamwomba tuondoke. Hakuweza kuachia hata karata mbovu."

Kengele ikalia kuwaita wachezaji. Wengine wakaanza kurudi kwenye viti vyao, lakini dada alibaki palepale mbele ya baba, mikono imeshika kamba, akisubiri hukumu yake.

"Sasa unasimama hapa unangoja nini?" baba akamfokea. "Hebu nenda, mwanangu. Utachelewa kazini."