Laini ya Mama Mkwe

Kama kuna jambo Fundi alilopenda kulisema kuliko kula, ni kwamba katika miaka minane ya karakana yake hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Alilisema akipiga randa, alilisema akipaka vanishi, na mteja mpya alilisikia kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Wala hakuwa anatia chumvi. Ulikuwa ukweli mtupu, na Fundi hakuwa na shaka kwamba siri yake ni mikono yake. Seremala mwenzake wa kona ya pili alikuwa na tabia ya kumsalimia kwa tabasamu refu kupita kiasi kila apitapo, na Fundi, kwa jinsi alivyojipenda, aliamini kuwa ule ni wivu.

Malipo yake karibu yote yaliingia kwa simu. Siku hizi ni nani anatembea na burungutu la noti kwa ajili ya kabati? Mteja aliandika namba na kiasi, na kabla pesa haijaondoka simu ilimwonyesha jina la mwenye laini ili ahakikishe. Sasa hapo ndipo penye kajambo. Jina lililotokea halikuwa la Fundi. Lilikuwa la mama mkwe wake, majina yote matatu.

Wiki aliyofungua karakana Fundi alikuwa amepoteza kitambulisho, na laini haisajiliwi bila kitambulisho. Mama mkwe akajitolea kutumia chake. Fundi akaapa kuwa atabadilisha mara tu kipya kitakapotoka. Kikatoka. Akakiweka kwenye droo ya nyumbani, aliyoitengeneza mwenyewe, na kwa kuwa droo yenyewe ilikuwa ngumu kufunguka, kikalala humo miaka minane.

Mama mkwe huyo alikuwa mwuguzi mstaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa amewadunga sindano za chanjo nusu ya watu wa mtaa, na wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Nesi. Mteja akiona jina lile kwenye simu, wasiwasi ulimwisha, akatuma malipo ya awali bila kusukumwa. Fundi alidhani wanaamini sura yake.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka shule moja ilipomwagiza madawati arobaini, yawe tayari kabla ya kufungua muhula. Kazi kubwa kama hiyo hakuwahi kuiota. Tatizo likawa mbao: muuza mbao alitaka pesa yake mkononi. Benki nayo ilikuwa imeanza kuwakopesha watu wadogo kwa kuangalia tu pesa zinazopita kwenye simu zao, bila kudai hati ya nyumba wala ya shamba. Fundi akang'arisha viatu, akaenda.

Afisa mikopo alikuwa binti mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alifungua kompyuta, akatazama, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Miaka minane, alisema, hakuna wiki iliyopita bila malipo kuingia. Fundi akaketi vizuri zaidi kwenye kiti. Ndipo yule binti akageuka na kumuuliza:

"Na huyu mama mwenye biashara, wewe ni nani wake?"

Fundi akasema kuwa ni mkwewe. Akajieleza kwa kirefu, hadi habari ya droo akaigusia. Binti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba bila mwenye laini hakuna mkopo. Waje wote wawili, waulizwe maswali, benki ijue biashara hasa ni ya nani.

Kumkabili mama mkwe kwa shida ya pesa si kazi ya kila mwanamume, hivyo Fundi alimtuma mkewe. Mkewe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nesi mwenyewe hakucheka. Alikubali mara moja, akauliza tu kama anaruhusiwa kuingia benki na mkoba wake.

Siku ya siku walikaa mbele ya meza, Nesi uso kwa uso na afisa, Fundi pembeni kama aliyesindikiza mgonjwa. Fundi aliulizwa habari za mbao, gundi, msasa na bei, akajibu bila kubabaika. Kisha binti akauliza mteja akipata tatizo na alichonunua, wao hufanyaje. Fundi akatanua kifua.

"Hilo halipo. Miaka minane, hakuna aliyerudi kulalamika."

Nesi akakohoa. Ni kikohozi kile kile kilichokuwa kikinyamazisha wodi nzima.

"Kwako hawakurudi, mwanangu," alisema kwa upole. "Walirudi kwangu."

Akafungua mkoba, akatoa daftari lililopigwa mistari kwa rula kama la zahanati: tarehe, mgonjwa, malalamiko, tiba. Mgonjwa: kitanda, tano kwa sita. Malalamiko: kinalia, majirani wanacheka. Tiba: kimekazwa. Mgonjwa: kabati. Malalamiko: mlango haufungi. Mgonjwa: meza. Malalamiko: mguu mmoja mfupi. Watu walikuja na jina lake kwenye simu zao, alieleza, na nyumbani kwake kila mtu alikujua. Aliwapa kiti, akawasikiliza, kisha akampeleka mgonjwa kwa seremala wa kona ya pili na kumlipa kutoka kwenye pensheni yake.

Fundi akalikumbuka lile tabasamu refu la seremala mwenzake, safari hii kwa macho mengine. Alitamani ardhi ipasuke immeze, benki na yote.

"Ni wangapi, Mama?"

"Thelathini na mmoja. Kati ya mamia, si wengi. Nimeshahudumia wodi mbaya kuliko hiyo."

Fundi akauliza mbona hakumwambia. Nesi akapanga mikono yake juu ya mkoba, akajibu kwamba wakati ule Fundi alikuwa ndiyo kwanza amemwoa binti yake, na alikuwa akiifurahia kazi yake mno. Kila mara alijiambia moyoni kuwa atamwambia mwezi ujao. Miezi ikaenda. Fundi aliona aibu, aibu kweli kweli, na ndani ya aibu hiyo akahisi amependwa muda mrefu bila kujua na bila kushukuru, akashindwa kumtazama usoni.

Afisa aliusoma kila ukurasa huku akizuia kicheko. Alisema wafanyabiashara wanaofuatilia mali yao mpaka nyumbani kwa mteja huwaona kwa nadra. Mkopo ungetoka, kwa sharti moja tu: laini ihamie kwa mwenye kazi. Akasukuma fomu na kalamu.

Fundi alishika kalamu, akaiona nzito kuliko nyundo. Kuanzia leo kila kitanda kitajua njia ya karakana. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane hakutaka kuwa mwenye mali.

"Mama, haiwezi kubaki hivi hivi?"

"Mimi nina miaka sabini, baba. Kitanda kikilia, kilie kwako."

Akasaini. Nesi akamkabidhi daftari.

Mgonjwa wa kwanza aliwasili wiki hiyo hiyo: droo, imeletwa na mama mmoja kwa mkokoteni. Fundi alifungua kinywa kutoa ile sentensi yake, akakifunga. Aliandika tarehe, akaitengeneza droo yule mama akisubiri. Kesho yake alifunga safari mpaka kona ya pili, akamuuliza mwenzake vile vitanda alivifanyaje hata havikurudi tena. Aliambiwa kuwa gundi yake haipewi muda wa kukauka. Hakuambiwa kwa kejeli, na hilo lilimuuma zaidi. Akamwomba waifanye kazi ya madawati pamoja.

Asubuhi ya kuyapeleka madawati shuleni, Nesi alikuja bila kuitwa. Akakalia moja moja, akijitikisa kushoto na kulia, mkoba mapajani. Thelathini na tisa yalitulia kimya. Kwenye la arobaini akajitikisa mara mbili, akageuka.

"Hili linacheza."

"Nimeshaliandika, Mama," alisema Fundi, daftari mkononi na nyundo kwapani.