Mama alivyozungumza na Baba ziwani

Tangu Baba azikwe Mbozi nami nikiwa masomoni India, nimekuwa nikijiuliza: je, mahali patakatifu pa watu wengine panaweza kupokea msiba wetu?

Leo nimefika kwenye ziwa la milimani ambalo Wahindu na Wabudha huliheshimu sana. Nilitarajia kulia.

Sikulia.

Nikampigia Mama simu ya video, yuko nyumbani, katika mji wa Mpemba karibu na Mbozi. Mama ni mzee wa kanisa. Utotoni alitukataza hata kulikaribia bwawa la matambiko la ukoo, kwa hiyo nilijiandaa kukemewa.

"We Neema, mbona hao watu nyuma yako wote wako pekupeku?"

"Ni heshima, Mama."

"Na wewe umevaa viatu?"

Nikavua. Mawe yalikuwa ya baridi kali, na hilo ndilo jambo pekee nililolihisi siku nzima.

"Haya, nisogeze kwenye maji."

Nikainamisha simu. Mama akaanza kumwita Baba kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ileile ya kumwita kutoka shambani. Akamwambia kahawa imechanua. Akamwambia mbuzi mweupe amezaa.

(Bibi mmoja Mbudha aliacha kuhesabu shanga zake za sala, akamsubiri Mama amalize.)

"Umelia?"

"Bado, Mama."

"Basi nimekulilia mimi. Vaa viatu, utaugua."

Ninyi mngemuuliza kama ile ilikuwa sala, au mke tu akiongea na mumewe?

Mimi sijui, na sijamuuliza. Naogopa kwamba nikimuuliza, Jumapili ataenda kanisani kuitubu kama dhambi.