Mume wangu alisema aliiona ile taa, mama yangu akanyolewa

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Ifakara tunajuana hadi kuku. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina watoto wanne na mume wa ndoa ya kanisani, nimwite Baba Devota. Ninaandika kwa hasira, nikiruka mahali mnivumilie.

Miaka ya tisini, ndoa yetu ikiwa bado changa, Baba Devota alivuka mto kwenda kulinda mpunga. Watu wa bondeni mnajua, mpunga ukitoa masuke mtu anahamia shamba, analala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, anafukuza ndege na nguruwe. Shamba letu lilipakana na la mama yangu mzazi, naye ni mjane. Siku moja mama aliona kimya kimezidi, akaenda kumchungulia mkwewe. Mkeka upo, sufuria ipo, mtu hayupo. Akapiga yowe, watu wakatafuta mpaka kwenye mabwawa ya viboko, hatukupata hata kandambili. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Siku hizo hizo banda la video la Kibaoni likaleta sinema mpya. Wifi yangu alinivuta twende nikapoteze mawazo. Sasa sikilizeni sinema yenyewe. Mzungu mmoja mkulima yuko shambani kwake, taa kubwa inashuka kutoka juu, viumbe vya vichwa vikubwa na macho meusi vinambeba, vinamlaza mezani na kumpima mwili mzima. Baadaye wanamrudisha, lakini hasemi neno, anatazama ukuta tu. Kijana aliyekuwa akitutafsiria pale mbele akasema hao ni watu wa sayari nyingine. Banda zima likamzomea.

"Sayari gani, wewe! Huo ni msukule!" mama mmoja alipaza sauti. "Huoni hawezi kusema? Ameshakatwa ulimi huyo!"

"Wachawi wamempeleka kulima mashamba yao," akadakia mwingine.

Wifi yangu akasimama, akapiga kelele: "Ndivyo walivyomfanya kaka yangu!" Wengine walitoka mbio, wengine wakashika rozari. Kesho yake sinema ikarudiwa, watu wakajaa hadi wakawa wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Hata mama mkwe wangu alikwenda, yeye ambaye video alikuwa anaiita kazi ya shetani.

Kilichobaki ni kujua nani kamchukua. Mwaka ule mafuriko yaliharibu mpunga wa watu wengi, ila wa mama yangu ulisimama vizuri kwa sababu kipande chake kimeinuka kidogo. Basi, jibu likapatikana. "Mjane yuko peke yake, mpunga wote ule nani anampalilia?" Nilibishana nao, nani anisikilize?

Halafu Baba Devota akarudi, mchana kweupe, kakonda na kajaa vumbi. Mtaa mzima ukamzunguka. Mama yake akamshika mashavu: "Mwanangu, uliiona ile taa?" Akazungusha macho kwa watu wote. Akaulizwa tena. Akainamisha kichwa, akasema: "Niliiona, mama." Vilio na vigelegele vikachanganyika, na mimi nikiwa wa kwanza kupiga magoti kumshukuru Mungu.

Kwetu mtu akituhumiwa uchawi anapelekwa kwa mganga kunyolewa ili nguvu zimwishe, na anayelalamika ananyolewa naye. Ukikataa, umekiri. Mama yangu alikwenda kwa miguu yake. Walimnyoa mbele ya wakwe zake, mtu ambaye kwa heshima zetu hata kula mbele ya mkwe hawezi. Baba Devota alikaa pembeni ananyolewa naye, hakuinua macho. Nilidhani ni mateso ya usukule, nikamhurumia.

Tangu hapo mama akipika msibani, chakula chake hakiguswi. Watoto wa jirani wanakatazwa kuingia uani kwake. Lakini kila mavuno, mpunga wa kwanza ananipa mimi: "Mpelekee mkwe wangu, mwambie anisamehe." Siku moja nilimkemea, nikamwambia mama, wewe hukufanya kitu. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, watu wote wale hawawezi kukosea. Labda nilimchukua nikiwa usingizini."

Na mchele huo Baba Devota anaula.

Hivi majuzi vijana wetu waliweka sinema ya namna ile kwenye TV. Baba Devota alikuwa barazani na rafiki yake, mimi napepeta mchele nyuma ya dirisha. Nikamsikia anacheka. "Bwana, mimi sinema kama hii iliniokoa! Natoka Mlimba kwa yule mwanamke wangu, njia nzima nawaza nikasemeje nyumbani. Nafika, nakuta mtaa mzima umeshanitafutia jibu." Wakagongeana mikono. Ungo ukaniponyoka. Huyo mwanamke wa Mlimba nilikuwa hata sijawahi kumsikia.

Rafiki alipoondoka nikamuuliza: "Na mama yangu je?" Hakushtuka hata kidogo. "Mama Devota, hayo ni ya zamani. Nywele si ziliota?"

Ndugu zangu, nimelala na nyoka miaka yote hii nikimfunika shuka.

Sasa mama anaumwa, yuko kitandani kwa mdogo wangu, na sioni kama atainuka. Ombi lake ni moja tu, aletewe mkwe wake ili yeye mama amwombe radhi, asife na mzigo. Nikimwambia ukweli leo, atajua alinyolewa kwa ajili ya hawara wa Mlimba, na naogopa moyo wake hautahimili. Nikinyamaza, mama yangu anakufa akiamini ni mchawi. Baba Devota ameshakubali kwenda. Jumapili baada ya misa, anasema. Jana alinipa shati lake jeupe nimpigie pasi, akaniambia: "Usijali, mke wangu. Nitamsamehe."

Shati bado liko hapa mezani, sijaligusa. Mngekuwa ninyi, mngefanya nini? Nishaurini kabla ya Jumapili.