Njia ya Mumbai na Tope la Dareda

Siku yangu ya kwanza kazini, Dar es Salaam, mkuu wa chumba cha mipango ya safari za ndege hakunipa hata kiti. Aliniuliza, "Binti, kutoka kwenu Babati mpaka Dareda ni mwendo wa muda gani?"

"Inategemea kama mvua imenyesha, mzee. Tope huchelewesha gari."

Chumba kizima kilicheka. Nilichukia. Waliniona mtu wa shamba, nami kweli nilitoka shamba, kule Nakwa, Babati, na sikuona cha kuchekesha. Mzee yule hakucheka. Alivuta kiti akasema, "Kaa hapa."

Kazi yetu ilikuwa kumwandalia rubani mpango wa safari: njia, muda na mafuta. Ninyi vijana mnaandika majina ya viwanja viwili kwenye simu, nayo inawapa jibu. Sisi tulipima ramani kwa rula, tukapata umbali kwa maili za baharini, ambazo ndizo hutumika angani, kisha tukasoma taarifa ya upepo wa juu. Ndege ikikutana na upepo wa mbele, umbali haubadiliki, lakini muda unaongezeka, na mafuta yanafuata muda. Hapo bado hujaweka akiba, yaani mafuta ya kuzunguka ukisubiri kutua au kukimbilia kiwanja kingine.

Mzee alistaafu. Aliyeshika nafasi yake alipenda mizigo kuliko ramani. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ndege ya Mumbai ilipakiwa minofu ya samaki kupita kiasi. Kwa uzito ule, ama samaki wapungue ama mafuta. Nikaandika samaki washushwe.

"Mumbai imehama?" alifoka. "Umbali ni uleule wa mwezi wa pili! Andika muda wa mwezi wa pili, weka sahihi."

"Njia ni ileile, bosi. Ila sasa upepo wa juu unatoka mashariki, unatupiga usoni. Siweki sahihi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na rubani huyo hapo mlangoni, tumwulize."

Rubani alisoma karatasi yangu, akasaini, akaagiza samaki washushwe. Ndege ilifika salama, akiba haijaguswa.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa ghala la mizigo. Waliniambia nikiandika barua ya kuomba radhi nitarudishwa. Sikuandika. Iliniuma, sitawadanganya, maana niliipenda ile kazi. Lakini radhi ya nini? Nilikaa na maboksi mpaka nikastaafu, na barua hiyo hawataipata.

Sasa niko Nakwa na mahindi yangu. Juzi jirani yangu, Mama Neema, alikuja na simu mkononi. Binti yake anakwenda Mumbai kusomea uuguzi.

"Shikamoo, Mama Paulo. Simu inasema safari inachukua muda wa saa sita. Nimwambie mwenyeji wake hivyo?"

"Marahaba. Anaondoka mwezi gani?"

"Wa saba."

"Ngoja," nikamwambia, nikaingia ndani kuchukua rula yangu.